Sauti ya Mwongoza Wageni Mlango Unapofungwa: Makumbusho ya Dudley Wakati wa UVIKO-19 na Swali la Lugha kwa Makumbusho ya Kampala

Ikisiri

Makala hii inachunguza namna makumbusho ya mahali ya Black Country Living Museum, yaliyopo mjini Dudley, Uingereza, yalivyobadilisha huduma zake katika kipindi cha UVIKO-19. Kisha inauliza mabadiliko hayo yana maana gani kwa Makumbusho ya Uganda yaliyopo Kitante, Kampala. Hoja inayotetewa ni kwamba huduma ya msingi ya makumbusho ni usemi wa mwongoza wageni, na kwamba maandishi ya vibao, ambayo ndiyo hupewa kipaumbele katika mipango ya kuhamishia makumbusho kwenye intaneti, ni sehemu ndogo ya huduma hiyo. Kwa Uganda, njia iliyofaa Dudley ilikuwa imezibwa na kodi, gharama na kukatika kwa mtandao. Njia ya redio ilikuwa wazi, na inadai uamuzi wa lugha ambao haujafanywa.

Istilahi muhimu: makumbusho, UVIKO-19, rejesta, lahaja, redio, Kiswahili nchini Uganda

1.0 Utangulizi

Mwezi Mei 2020, miezi miwili baada ya Shirika la Afya Duniani kutangaza kuwa UVIKO-19 ni janga la dunia, UNESCO ilitoa ripoti kuhusu hali ya makumbusho. Ripoti hiyo ilikadiria kuwa dunia ina makumbusho 95,000, na kwamba takriban asilimia 90 kati yake yalikuwa yamefunga milango kwa muda. Bara la Afrika lilihesabiwa kuwa na makumbusho 841, yaani chini ya asilimia 1 ya idadi yote. Katika Afrika na mataifa ya visiwa vidogo yanayoendelea, ni asilimia 5 tu ya makumbusho yaliyoweza kuwapa watu maudhui kwa njia ya intaneti.

Asilimia hiyo 5 imenukuliwa mara nyingi katika vikao vya sera, na kwa kawaida husomwa kama habari ya vifaa: kamera hazipo, kompyuta ni chache, umeme unakatika. Usomaji huo una ukweli, lakini unaacha swali moja bila kuguswa. Hata kama vifaa vyote vingepatikana asubuhi moja, ni kitu gani hasa kingehamishwa kutoka katika jumba la makumbusho kwenda kwa mtu aliyefungiwa nyumbani? Picha ya ngoma si ngoma. Kibao kilichoandikwa maneno hamsini kuhusu ngoma hiyo, kikipigwa picha na kuwekwa mtandaoni, hubaki kuwa kibao. Mtu aliyewahi kutembelea makumbusho akiwa mwanafunzi hukumbuka kilichosemwa na aliyewapokea mlangoni, na mara nyingi hukumbuka pia namna kilivyosemwa.

Kwa hiyo makala hii inalitazama suala la makumbusho katika janga kwa jicho la isimujamii. Kielelezo kikuu kimechukuliwa mbali na Afrika Mashariki kwa sababu mahususi: huko ndiko lugha ya mahali, isiyo na hadhi kubwa katika nchi yake, ilipowekwa mbele ya kazi ya makumbusho wakati wa janga, na matokeo yake yanaweza kujadiliwa hadharani.

2.0 Lugha mbili za makumbusho

Makumbusho husema kwa lugha mbili. Ya kwanza ni lugha ya kibao. Hii ni sanifu, fupi, haina msemaji wala msikilizaji maalumu, na hubaki ilivyo kwa miaka ishirini. Ya pili ni lugha ya mdomo. Mwongoza wageni hutazama nyuso zilizo mbele yake kabla ya kuchagua neno la kwanza. Akiona watoto wa shule ya msingi huuliza swali, akiona wazee hupunguza kasi na kuwaachia nafasi ya kusema wao. Hubadili msimbo katikati ya sentensi pale anapohisi neno halikufika, na hutania.

Katika makumbusho mengi ya Afrika Mashariki pengo kati ya lugha hizi mbili ni kubwa kuliko kwingineko, kwa kuwa mara nyingi si rejesta mbili za lugha moja. Kibao kimeandikwa kwa Kiingereza, nayo maelezo ya mdomo hutolewa kwa Kiganda, Kiswahili, Kisoga au mchanganyiko unaoendana na kundi la siku hiyo. Kazi hiyo ya tafsiri na uteuzi wa lugha hufanywa na mtumishi wa ngazi ya chini katika muundo wa utumishi, na ni nadra kuandikwa popote. Mhifadhi huandika kibao kimoja na jina lake huingia katika kumbukumbu. Mwongoza wageni hutoa maelezo mamia ya mara kwa mwaka, na siku anapostaafu huondoka nayo.

Neno lenyewe la Kiswahili linaelekea upande wa mdomo. Makumbusho yametokana na kitenzi kumbusha, na kukumbusha kunahitaji mtu anayekumbusha na mwingine anayekumbushwa. Jengo halimo katika neno hilo hadi liongezwe jumba mbele yake. Waganda nao waliliita jumba la Kampala Enyumba y'Amayembe, nyumba ya mayembe, yaani vitu vyenye nguvu za kiganga. Jina hilo linaonesha kwamba watu walikuwa na maelezo yao kuhusu vitu vile kabla kibao chochote hakijaandikwa.

Janga liliifanya tofauti hii kuwa jambo la dharura kwa namna ambayo wapangaji hawakuitazamia. Virusi vya korona husafiri katika matone na chembe zinazotoka kinywani mtu anapozungumza, na hatari huongezeka anapopaza sauti ndani ya chumba kisichopitisha hewa vizuri. Hayo ndiyo mazingira halisi ya kazi ya mwongoza wageni. Kibao hakimwambukizi mtu. Huduma iliyo hai zaidi katika makumbusho ndiyo iliyogeuka kuwa ya hatari, na maelekezo ya afya ya nchi nyingi yaliitaja kwa uwazi: makundi ya kuongozwa yapunguzwe, sauti zisipazwe, mdomo ufunikwe kwa barakoa. Itakumbukwa kwamba barakoa, kabla ya 2020, ilikuwa vazi la uso la wanawake wa Omani na pwani ya Afrika Mashariki, kitu ambacho msomaji kijana angetarajia kukiona ndani ya sanduku la kioo. Katika mwaka mmoja neno likatoka kwenye maonesho na kuingia mfukoni mwa kila mtu.

3.0 Dudley

Eneo linaloitwa Black Country, yaani nchi nyeusi, lipo magharibi ya jiji la Birmingham. Limepata jina hilo kutokana na makaa ya mawe na moshi wa viwanda vya chuma vya karne ya 19. Wenyeji walichimba makaa, walichoma chokaa na kufua minyororo. Mwaka 1910 wanawake wafua minyororo wa Cradley Heath, wakiongozwa na Mary Macarthur, waligoma na kushinda haki ya kulipwa kima cha chini cha mshahara. Jengo la taasisi ya wafanyakazi lililojengwa kwa fedha zilizobaki katika mfuko wa mgomo huo lilibomolewa miaka mingi baadaye na kujengwa upya ndani ya makumbusho ya Dudley, tofali kwa tofali.

Makumbusho hayo yalifunguliwa kwa umma mwaka 1978 katika ardhi ya ekari takriban 26 iliyokuwa na mashimo ya zamani ya makaa na tanuri za chokaa. Ni makumbusho ya wazi: maduka, nyumba za wachimbaji, shule, kanisa na karakana ya minyororo vimehamishwa kutoka sehemu mbalimbali za eneo hilo na kupangwa kama kijiji. Humo ndani vibao ni vichache. Mgeni huingia dukani na kumkuta mtu aliyevaa mavazi ya miaka ya 1920 au 1930, anayemwambia bei ya sukari na kumuuliza ametoka mtaa gani. Watu hao, ambao makumbusho huwaita wahusika wa kihistoria, ndio maelezo. Kabla ya janga, zaidi ya wageni 300,000 walifika kila mwaka, na kiingilio chao kilikuwa nguzo kuu ya mapato, kwani makumbusho haya ni asasi ya hisani isiyoendeshwa moja kwa moja na serikali.

Serikali ya Uingereza ilitangaza amri ya watu kukaa nyumbani tarehe 23 Machi 2020. Kwa makumbusho yanayoishi kwa kiingilio, kufungwa kabla ya msimu wa machipuko na kiangazi ni kukosa mavuno ya mwaka. Makumbusho ya England yaliruhusiwa kufungua kuanzia tarehe 4 Julai 2020 kwa masharti: wageni wahesabiwe, watu waachiane nafasi, na kuanzia tarehe 8 Agosti kuvaa barakoa ndani ya makumbusho kukawa sharti la kisheria. Nyumba ya mchimba makaa wa karne ya 19 ina chumba ambacho watu wanne wakisimama hawawezi kugeuka bila kugusana. Hapo ndipo tofauti kati ya uwanja na chumba ilipojitokeza. Makumbusho ya wazi yana faida ya hewa, lakini kiini cha huduma ya Dudley kilikuwa ndani ya vile vyumba vidogo, uso kwa uso.

Mwezi huohuo wa Agosti 2020 makumbusho yalifungua ukurasa kwenye TikTok. Uamuzi wenyewe haukuwa wa kipekee, kwani taasisi nyingi zilikimbilia mitandao ya kijamii mwaka ule. Kilichotofautisha Dudley ni kile walichokipeleka huko. Taasisi nyingi zilipeleka picha za vitu vyao, zikiambatana na maandishi yaliyofanana na kibao. Dudley waliwapeleka wahusika. Katika video za chini ya dakika moja, mtu aliyevaa kofia na koti la zama zilizopita anamtazama mtazamaji machoni na kuzungumza naye kama jirani: anaeleza kazi yake, anacheka mambo ya leo, anamtia moyo. Wakati ambapo vijana wengi walikuwa wamefungiwa vyumbani bila kuonana na babu na bibi zao, mzee wa kuigiza anayesema maneno ya faraja kwa lafudhi ya nyumbani alipata wasikilizaji ambao kibao kisingewapata. Ukurasa huo ulikuja kupita wafuasi milioni 1 na kuwa miongoni mwa kurasa za makumbusho zenye wafuasi wengi kabisa katika mtandao huo.

Kwa mwanaisimu, jambo la kutazama ni lafudhi hiyo. Lahaja ya Black Country husema yow mahali pa you, na ay mahali ambapo Kiingereza sanifu kingetumia isn't. Kitu kizuri sana huitwa bostin. Tafiti za mitazamo ya lugha nchini Uingereza zimekuwa zikiyaweka matamshi ya Birmingham karibu na mkia wa orodha kila watu wanapoombwa kutaja lafudhi za kupendeza. Wenyeji wa Dudley hukasirika wakichanganywa na watu wa Birmingham, lakini sikio la mgeni halitofautishi, na dharau inawafikia wote kwa pamoja. Kwa hiyo lugha iliyotumiwa kuwafikia mamilioni ilikuwa ile ambayo shule iliwasahihisha wazazi wa wenyeji hao kwa vizazi. Haikusafishwa kabla ya kupelekwa hadharani. Kama ingesafishwa, wahusika wale wangebaki waigizaji waliovaa nguo za zamani.

Hata hivyo, tahadhari mbili ni za lazima, hasa kwa mshauri wa sera anayetafuta mfano wa kuiga. Kwanza, wafuasi hawalipi kiingilio. Kilichozuia makumbusho mengi ya Uingereza yasifilisike ni fedha ya umma: mpango wa serikali wa kulipa hadi asilimia 80 ya mishahara ya wafanyakazi waliosimamishwa kazi kwa muda, na mfuko wa pauni bilioni 1.57 wa kunusuru taasisi za utamaduni uliotangazwa Julai 2020. Lahaja ilihifadhi hadhira na fedha ya serikali ilihifadhi ajira, na kuchanganya kazi hizi mbili ni kuwadanganya wanaopanga bajeti. Pili, lahaja inayopelekwa mbele ya watu milioni huweza kugeuka kichekesho. Kuna mstari mwembamba kati ya mtu anayezungumza lugha yake na mtu anayeivaa lugha hiyo kama kofia ya maonesho. Baadhi ya video za Dudley zinaukaribia mstari huo, na hilo ni jambo linalostahili utafiti wa watazamaji wenyewe.

Mabadiliko ya tatu hayakuhusu video wala maonesho. Katika wiki ya tarehe 25 Januari 2021 sehemu ya eneo la makumbusho iligeuzwa kuwa kituo cha kuchanja watu. Wazee wa Dudley, ambao ndio waliotangulia katika foleni ya chanjo, walikwenda kuchanjwa mahali walipowahi kuwapeleka wajukuu wao. Katika kipindi ambacho mamlaka za afya duniani kote zilikuwa zikihangaika na uvumi na hofu ya sindano, kuna thamani katika chanjo kutolewa mahali ambapo watu wamezoea kuambiwa mambo kwa lugha yao. Thamani hiyo haihesabiki kwa wafuasi, na yawezekana ndiyo huduma kubwa zaidi ambayo makumbusho yale yaliitoa katika miaka miwili.

4.0 Mlinzi wa Oklahoma

Kielelezo kingine kinatosha kwa aya chache. Mwezi Machi 2020, makumbusho ya wachunga ng'ombe na urithi wa magharibi ya Oklahoma City, Marekani, yalipofunga milango, mkuu wa walinzi ndiye aliyebaki ndani akizunguka jengo. Uongozi ukamkabidhi ukurasa wa Twitter. Mlinzi huyo, aliyejulikana kwa wasomaji kwa jina la Tim, aliandika sentensi fupi kama mtu asiyejua mtandao unavyofanya kazi, akieleza anachokiona katika kumbi tupu, na kila mara akimaliza kwa kushukuru na kutia jina lake. Wafuasi waliokuwa takriban 10,000 walizidi 200,000 ndani ya wiki chache.

Hapa hapakuwa na lahaja iliyodharauliwa wala mavazi ya zamani. Palikuwa na rejesta tu: usemi wa mtu wa kawaida kuhusu vitu ambavyo kwa kawaida husemewa na mtaalamu. Mlinzi alikuwa amevitazama vitu vile kila siku, na maneno yake yalikuwa na msemaji.

5.0 Kitante

Makumbusho ya Uganda yalianzishwa mwaka 1908 katika ngome ya Old Kampala. Baada ya kuhamahama, yalihamia mwaka 1954 katika jengo lililopo hadi leo kwenye kilima cha Kitante, lililosanifiwa na Ernst May. Mhifadhi wa miaka ya kati ya karne iliyopita, Klaus Wachsmann, alikuwa mtafiti wa muziki. Chini yake makumbusho yalikuwa na wapiga ala waliowapigia wageni, na kwa hiyo mgeni aliona endingidi na kuisikia papo hapo. Nyuma ya jengo kuu zipo nyumba za asili za jamii mbalimbali za Uganda, kijiji kidogo ambacho kwa umbo hakipo mbali sana na kile cha Dudley. Msingi wa huduma ya sauti, kwa maneno mengine, ulikuwepo Kampala miaka mingi kabla ya Dudley kufungua lango lake.

Wageni wa kila siku wa Kitante ni wanafunzi, wanaofika kwa mabasi ya shule. Uganda ilifunga shule zake tarehe 20 Machi 2020, na haikuzifungua zote kikamilifu hadi tarehe 10 Januari 2022. Hakuna nchi nyingine iliyofunga shule kwa muda mrefu kiasi hicho. Mtoto aliyekuwa darasa la tatu wakati mlango ulipofungwa alipoteza sehemu kubwa ya miaka miwili ambayo kwa kawaida ndiyo ya ziara hizo.

Je, njia ya Dudley ilikuwa wazi kwa Kampala? Kuanzia Julai 2018 hadi Juni 2021 mtumiaji wa mitandao ya kijamii nchini Uganda alitozwa kodi ya shilingi 200 kwa siku kabla ya kufungua ukurasa wowote, mbali na bei ya data. Kodi hiyo ilipoondolewa, ilifuatwa na nyingine ya asilimia 12 juu ya data yenyewe. Tarehe 13 Januari 2021, mkesha wa uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa, na Facebook ikaendelea kuzuiwa hata baada ya intaneti kurudi. Video ya dakika moja kutoka Kitante ingekuwa ya bure kwa mtazamaji wa London, na ya kulipiwa mara mbili kwa mtoto wa Iganga. Kuwashauri wahifadhi wa Kampala waige TikTok ya Dudley, katika mazingira hayo, ni kuwashauri wahudumie watu ambao si wageni wao.

Redio ilikuwa hadithi tofauti. Uganda ina zaidi ya vituo 200 vya redio vinavyorusha matangazo katika lugha nyingi za nchi. Serikali yenyewe iliitegemea redio, pamoja na masomo yaliyochapishwa magazetini, kuwafikia wanafunzi wakati shule zimefungwa. Redio haioneshi kitu, na kwa makumbusho mengi huo ungekuwa mwisho wa mazungumzo. Kwa Kitante si hivyo, kwa sababu sehemu iliyo tajiri zaidi ya hazina yake ni ala za muziki. Amadinda, engalabi, adungu na endingidi ni vitu vinavyoeleweka kwa sikio kabla ya jicho. Wachsmann aliacha zaidi ya rekodi 1,000 za muziki wa Uganda alizozinasa hasa kati ya 1949 na 1952, na nakala zake zimerejeshwa Chuo Kikuu cha Makerere. Yapo makumbusho machache sana duniani ambayo yangeweza kuhamia redioni na kupoteza kidogo namna hiyo.

Kilichokosekana ni maelezo ya mdomo yaliyokwisha kunaswa. Kipindi cha redio hakiwezi kusomwa kutoka kwenye kibao cha Kiingereza, kwani msikilizaji angezima baada ya sentensi ya pili. Na mwongoza wageni anayejua kueleza endingidi kwa Kisoga mbele ya watoto, na kwa Kiswahili mbele ya wafanyabiashara wa Busia, alikuwa amekaa nyumbani kwake kama wengine wote.

6.0 Kiswahili kinaingia wapi

Katiba ya Uganda ilirekebishwa mwaka 2005 na kukitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili. Mwaka 2019 baraza la mawaziri lilikubali kuundwa kwa baraza la taifa la Kiswahili. Mwezi Julai 2022 likaidhinisha hatua za kukifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi kivitendo na kukifundisha kwa lazima shuleni. Kiswahili nchini Uganda hakina upungufu wa maazimio. Kina upungufu wa mahali pa kusemwa na kusikilizwa bila kumbukumbu ya bunduki, kwa kuwa kwa kizazi kizima, hasa katika Buganda, lugha hii ilisikika zaidi kinywani mwa askari wa vizuizi vya barabarani. Makumbusho ni moja ya mahali pachache pa umma ambapo Kiswahili kingeweza kusikika kikieleza ngoma za jirani kwa utulivu.

Hoja hiyo inaweza kupotoshwa kwa urahisi, na imewahi kupotoshwa. Kuingiza Kiswahili hakumaanishi kukiweka mahali pa Kiganda, Kiacholi au Kisoga, wala kufasiri vibao vyote kwa mara moja na kutangaza ushindi. Ustadi wa mwongoza wageni upo katika kuhama kutoka lugha moja kwenda nyingine kufuatana na uso ulio mbele yake, na sera inayomwekea lugha moja, hata ikiwa Kiswahili, inamnyang'anya ustadi huo.

Lipo pia tatizo la istilahi, ambalo ni dogo kwa sura na gumu kwa utendaji. Mtangazaji wa Kiswahili akiieleza endingidi, aiite zeze? Zeze katika sehemu mbalimbali za Tanzania limekuwa jina la ala zaidi ya moja, nyingine zenye nyuzi kadhaa, nyingine zisizopigwa kwa uta. Endingidi ina uzi mmoja na uta wake. Amadinda nayo, ikiitwa marimba, inaangukia katika neno ambalo kwa wasikilizaji wengine ni ala ya chuma inayopigwa kwa vidole gumba. Inaelekea kuwa busara kubakiza majina ya asili na kuyaeleza kwa Kiswahili, kama waongoza wageni wengi wafanyavyo bila kuelekezwa na mtu. Janga lenyewe lilionesha kwamba istilahi huweza kukubaliwa haraka pale taasisi za lugha na za sekta zinapokaa pamoja: UVIKO-19, kifupi cha ugonjwa wa virusi vya korona, kilipitishwa Tanzania mwaka 2021 na kuzoeleka katika taarifa rasmi. Rwanda ilikwenda mbali zaidi kimuundo, kwa kuunganisha mwaka 2020 taasisi ya makumbusho na akademia ya lugha na utamaduni kuwa chombo kimoja. Makumbusho na wanaisimu wakiwa chini ya paa moja, swali la zeze na endingidi linaweza kujibiwa katika kikao cha asubuhi moja.

Kinachopendekezwa kwa Kitante, na kwa makumbusho ya wilaya kama yale ya Kabale na Soroti, ni kazi ya wakati wa amani. Waongoza wageni wanaswe sauti wakiwa kazini, mbele ya makundi halisi, katika kila lugha wanayoitumia. Kunaswa wakisoma maandishi yaliyotayarishwa na ofisi hakutatoa kitu kinachotafutwa. Rekodi hizo ziorodheshwe kama vitu vingine vya makumbusho vinavyoorodheshwa, kwa jina la msemaji, tarehe, lugha na aina ya hadhira. Suala la haki liamuliwe kabla ya kinasa sauti kuwashwa: je, mwongoza wageni aliyestaafu analipwa sauti yake inaporushwa redioni? Wafanyakazi wa Dudley walionekana sura na kusikika sauti mbele ya mamilioni, na swali la nani mwenye sura hiyo halijapata jibu moja hata huko. Kampala ina nafasi ya kulijibu mapema. Gharama ya kuanzia ni kinasa sauti, nafasi katika orodha ya vitu vilivyohifadhiwa, na posho ya mwongoza wageni kwa saa ambazo atakuwa hayupo mlangoni.